Neno Dogo Lililomchafulia Mzee Jina

Wahenga walisema: Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa kalamu, na aliyeumia ni mtu mwingine.

Mimi ni karani wa parokia huku Tabora. Kwa kuwa nilisoma chuo cha ualimu, kila barua ya Kiingereza huletwa mezani kwangu. Mwaka mmoja rafiki wa parokia aliye Ulaya alituletea fedha za mabati ya kigango chetu. Baba Paroko akaniagiza nimshukuru, na kumwarifu kwamba fedha zatunzwa vema na mweka hazina, mzee anayeheshimiwa sana. Nikaandika upesi, nikapiga mhuri, nikaenda posta kwa maringo kidogo.

Jibu lilikuja fupi. Mfadhili aliuliza: Fedha zimepoteaje, na huyo mzee anazitafuta wapi?

Nikaitazama nakala ya barua yangu. Ilinipasa kuandika "looking after", yaani anazitunza. Kumbe niliandika "looking for", yaani anazitafuta. Nilikuwa nimejumlisha hivi: "look" ni kuangalia, "for" ni kwa ajili ya, basi mzee anaziangalia fedha kwa ajili yetu. Lakini Kiingereza hakijumlishwi hivyo.

Habari mbaya haina kufuli. Kabla sijapeleka barua ya pili, watu kisimani walikwisha kunong'ona kwamba fedha za mabati zimeliwa. Mzee akaja ofisini, akavua kofia, akaketi.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote hii haijapotea hata senti moja ya kanisa mikononi mwangu. Leo Kizungu chako kimenifanya mwizi?"

Sikuwa na neno ila, "Nisamehe, baba." Jumapili baada ya Misa, kwa ruhusa ya Paroko, nilisimama mbele ya waamini wote nikasema kosa ni langu. Barua ya pili ikaenda, mabati yakanunuliwa, na mzee akanisamehe.

Tangu hapo nimelifikiri sana jambo hili. Sisi nasi tunalo, ila tumelificha ndani ya neno. "Amehama Tabora" na "amehamia Tabora": tofauti ni herufi moja tu, lakini mmoja ameondoka na mwingine amefika. Mtoto anayemkimbia baba si sawa na mtoto anayemkimbilia baba. Mwingereza huweka kijineno chake nje, nyuma ya tendo. "Give back" ni kurudisha, "give in" ni kukubali kushindwa, "give up" ni kukata tamaa au kuacha. Tendo ni lile lile, maana ni tatu.

Tabora yetu yatufundisha jambo hili. Misafara ya zamani ilikutana hapa, nayo ikaachana hapa. Mwaka 1857 Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya zamani. Walipotoka kwenda machweo, mwaka 1858 walifika Ujiji. Mwaka ule ule Speke alipotoka kwenda kaskazini, alifika Nyanza. Wapagazi waliobeba pembe kuelekea mawio walifika Bagamoyo. Mji wa kuanzia ni mmoja, lakini njia uliyoishika ndiyo iliyoamua utakapolala. "Look" ni mji huo, na kijineno ndicho njia.

Basi wazazi, mtoto akileta daftari la Kiingereza, msimwache akariri "look" peke yake. Aandike tendo pamoja na kijineno chake, kama mzigo mmoja uliofungwa, na sentensi nzima chini yake. Asikisie, atazame kamusi. Ile ya TUKI ya mwaka 1996 huyapanga maneno haya chini ya tendo lenyewe.

Nasi makarani, tuisome barua mara mbili kabla ya kupiga mhuri, hasa ikitaja jina la mtu. Mabati yakitoboka hununuliwa mengine. Jina jema la mzee haliuzwi dukani.