Bibi Yangu, Ng'onda na Daktari wa Moyo

Wadau, si mnakumbuka tulivyokuwa tunamtania Profesa Mohamed Janabi? Ukiposti sahani ya chipsi mayai tu, lazima mtu aje kumtaja kwenye komenti. Mi mwenyewe nimetengeneza sana memes zake. Sukari acha, wali punguza, usile ovyo ovyo, tembea. Tukawa tunaulizana, sasa huyu baba anataka tule nini?

Leo sitanii, maana haya mambo yalinikuta nyumbani.

Bibi yangu anakaa Kilwa Masoko. Ndo kanilea, ndo aliuza vitumbua mpaka nikamaliza form four. Ana presha tangu nikiwa mdogo. Mwisho wa 2023 miguu ikaanza kuvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Usiku hawezi kulala chali, anakaa kitandani kaegemea ukuta anatafuta pumzi. Kuna majirani wakasema katupiwa jini. Hospitali ya kwanza tuliyoenda sitaitaja, ila daktari aliandika dawa bila kuinua kichwa. Sidhani kama dakika tatu zilifika. Bibi akatoka na mfuko wa vidonge, hajui kipi cha nini.

Tukapambana mpaka ikapatikana rufaa ya Dar. Basi la alfajiri kutoka Masoko, Nangurukuru, Somanga, unavuka Rufiji pale daraja la Mkapa, unakuja kushukia Mbagala Rangi Tatu mgongo hauna hali. Kesho yake tukaenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ile JKCI iliyopo eneo la Muhimbili.

Hapa niwape historia kidogo. Taasisi hii ilianza 2015, na huyo huyo Janabi tunayemtania ndo alikuwa mkurugenzi mtendaji wake wa kwanza. Kabla ya hapo wagonjwa wengi waliohitaji upasuaji wa moyo serikali ilikuwa inawapeleka India. Jamaa kasomea udaktari Kharkiv kule Ukraine, akaenda Australia, halafu udaktari wa falsafa kwenye mambo ya moyo akaufanyia Osaka, Japani. Amekuwa daktari wa Rais Kikwete, 2022 akapewa Muhimbili, na Mei 2025 akachaguliwa kuwa mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Mtu ana CV hiyo yote halafu anakaa kwenye kamera kukuambia punguza soda! Tungeshangaa tu hapo, kwamba mtu wa mashine kubwa kubwa anahangaika na soda yako.

Sasa tuliyemkuta chumbani siyo yeye. Ni dada mmoja, jina lake silitaji kwa sababu sijamuomba ruhusa. Kwanza alisimama. "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia "Marahaba mwanangu," nikaona mabega yameshuka. Wakampima, wakampaka jeli kifuani wakautazama moyo kwenye skrini, kile kipimo wanaita eko. Moyo ulikuwa umetanuka. Presha ya miaka mingi inaulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu kupita kiasi, mwishowe unachoka.

Daktari hakukimbilia kuandika. Akamwaga vile vidonge mezani, akashika kimoja kimoja. "Hiki bibi unakimeza kila siku?" Kila siku. "Na hiki?" Bibi kimya. Akanitazama mimi, akatazama chini.

Kumbe kile ni kidonge cha kutoa maji mwilini. Ukimeza, haja ndogo kila saa. Na bibi akisafiri au akiwa kwenye shughuli za watu hakimezi kabisa, kwa sababu anaona aibu kumuomba konda asimamishe basi ili achimbe dawa. Wakati mwingine anapitisha wiki. Hata hiyo safari ya kuja hospitali hakukimeza! Nimeishi naye miaka yote, sikuwahi kumuuliza. Huyu dada kamjua ndani ya nusu saa.

Hakumgombeza. Akamwambia siku ya safari asikiruke, akimeze akishafika. Siku nyingine asubuhi mapema, mpaka mchana kazi imeisha. Halafu akauliza chakula. Bibi akasema ukweli, ng'onda. Nilijua sasa tunapigwa marufuku. Daktari akasema, "Bibi, mi pia wa pwani." Bora samaki mbichi, ila ikibidi ng'onda, aloweke usiku kucha, abadilishe maji, na chumvi nyingine isiguse chungu.

Kiukweli ushauri wa Janabi kwenye simu niliuona wa watu wenye friji. Mtu wa Masoko anakula kilichopo. Lakini ni maneno yale yale, tofauti ni kwamba huyu aliuliza kwanza chungu cha bibi kikoje.

Kabla hatujaondoka akaandika majina ya dawa zote kwa herufi kubwa kwenye karatasi, na vipimo vyake. "Kilwa mbali," akasema, "lolote linaweza kutokea."

Likatokea. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga, barabara ikakatika Somanga, na tarehe ya kliniki ndo wiki ile ile. Mi niko Mbagala, yeye yuko Masoko, vidonge vimebaki vya siku mbili. Sikulala. Nikampigia, "Bibi, ile karatasi ipo?" Akasema ipo ndani ya msahafu. Binamu yangu akambeba na bodaboda mpaka hospitali ya huko huko, wakaisoma, wakampa dawa zile zile za kumsogeza mpaka njia ifunguke.

Alivyokuja Dar baadaye nilimpokea Rangi Tatu. Hajakaa hata sawasawa kwenye bajaji, akaomba maji ya kunywa.

"Ya nini bibi, si tunafika sasa hivi?"

"Kidonge changu," akasema. "Dada alisema nikifika."