Maji Yaliyopita Chini ya Barabara

Mvua za El Niño za mwishoni mwa 1997 zilinikuta nikiwa kibarua kwenye barabara ya Kidatu hadi Ifakara, enzi hizo ikiwa ya kifusi. Nyumbani Lipangalala maji yalikuwa yameshaingia uani. Kikosi chetu kiliitwa mahali ambapo lori la mpunga lilikuwa limedidimia hadi kwenye ekseli.

Mvua ilikuwa imekatika, na uso wa barabara ulionekana mkavu. Sisi vijana tulitaka kumwaga kifusi tuondoke. Mnyapara wetu, mzee wa Kipogoro, akakataa.

"Chimbeni kwanza, wanangu."

Tukachimba kwa sururu. Chini ya kifusi udongo mweusi wa mbugani ulikuwa umelainika kama uji.

"Mzee, maji haya yametoka wapi?"

Hakujibu. Alitupeleka kwenye mdomo wa kalavati, tukakuta limezibwa na matete, gogo na tope. Maji yalikosa njia, yakatuama kando ya tuta na kuzama polepole chini ya barabara. Tulilizibua hadi jioni huku dereva akitulalamikia. Shimo tulilifukia kesho yake.

Siku hiyo ndiyo iliyonifundisha barabara. Udongo mweusi wa bonde letu huvimba ukinyeshewa na kupasuka kiangazi, kwa hiyo hauwezi kubeba lami peke yake. Lazima uchimbwe na kuondolewa, au tuta liinuliwe juu yake kwa udongo mzuri unaoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Juu ya tuta huja kifusi, kisha kokoto, na lami mwisho kabisa. Mgongo wa barabara nao huachiwa mteremko wa sentimita mbili na nusu hivi kwa kila mita, ili maji yakimbilie mtaroni.

Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018, na safari ya kwenda Mahenge ikaacha kutegemea kivuko. Kisha zikajengwa kwa lami zile kilomita 66.9 za Kidatu hadi Ifakara, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, Uingereza na Marekani. Nilikuwa nikienda kutazama mafundi wakishindilia. Wenzangu walibishana juu ya unene wa lami. Mimi nilikagua makalavati, na nilifurahi kwelikweli kuyaona ni mapana.

Kinachonitia hofu sasa ni mizigo. Majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hukua haraka kuliko uzito wake. Ekseli iliyopangiwa tani 10 ikibebeshwa 12, barabara huumia karibu maradufu, na uzito wa ekseli ukiwa maradufu madhara hukaribia mara 16. Malori yetu ya miwa, mpunga na mbao yanapokwepa mizani, wanaolipa ni wakulima watakaokosa njia ya kufikisha mazao sokoni.

Hapa mtaani bado napigania mitaro. Wapo wanaoijaza pumba za mpunga, na wapo wanaoifukia ili pikipiki zifike dukani. Jirani yangu mmoja alifukia wake kabla ya masika. Nilimwomba aweke kalavati pale mlangoni, nikamwonyesha na kina cha kuchimba, chini ya usawa wa mtaro wa juu yake. Alichimba na wanawe, nami nikasimamia hadi bomba la mwisho likalala sawasawa.