Mkono Mmoja Haulei Mwana

Mpenzi msomaji, wewe unayejifunza Kiswahili, leo nakuomba uandike daftarini jozi tano za vitenzi: kunyonya na kunyonyesha, kula na kulisha, kuoga na kuogesha, kuvaa na kuvisha, kulala na kulaza. Kitenzi cha kwanza katika kila jozi hutaja jambo alifanyalo mtu mwenyewe. Cha pili ni cha kauli ya kutendesha, nacho hudai watu wawili: anayetenda na anayetendewa. Mtoto mchanga huishi katika safu hii ya pili. Haogi mpaka aogeshwe, wala havai mpaka avishwe. Basi swali la uraia ni hili: mtenda ni nani?

Nilivifundisha vitenzi hivyo miaka mingi kabla ya kuvitenda. Binti yetu alipozaliwa hapa Kampala, nilidhani wajibu wangu unaishia katika kununua sabuni na nepi. Mama mkwe hakuweza kukaa nasi katika vyumba vyetu viwili, kwani kwa desturi ya Waganda mkwe wa kiume na mama mkwe hutengana kwa heshima. Alitutumia mitishamba ya kyogero ya kumwogeshea mjukuu wake, pamoja na maagizo marefu kwa simu.

Kisha ikaja hesabu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 nchini Uganda humpa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi, na baba siku 4 za kazi. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa juma, siku 60 ni majuma 12. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, hupendekeza mtoto apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, bila hata maji. Ukitoa likizo hiyo katika miezi hiyo, hubaki pengo la miezi mitatu hivi.

Nyumbani kwetu pengo hilo nililiziba mimi, kwa kuwa vipindi vyangu vilikuwa vya alasiri. Mke wangu alikamua maziwa kabla ya kwenda kazini, akayaacha katika chombo safi chenye mfuniko. Nami nilimnywesha mtoto kwa kikombe kidogo, polepole, nikimkalisha wima mapajani, kisha nikamweka begani hadi abeue. Nilijifunza kupima joto la maji kwa kiwiko, kushika kichwa chake kwa kiganja, kumfuta kutoka mbele kwenda nyuma, na kukausha mikunjo ya shingo na mapaja. Majirani walicheka waliponiona nikianika nepi. Nilicheka nao, ingawa moyoni niliona haya.

Alipotimiza miezi minne, nilikosea. Siku ya jua kali maziwa yaliisha mapema, naye akalia. Kwa huruma nikampa maji ya mtungini. Baada ya siku mbili alianza kuhara, na jioni yake utosi wake ulikuwa umebonyea. Nilimkimbiza katika kituo cha afya huku magoti yakinitetemeka.

Muuguzi alimtazama, akamvuta ngozi ya tumbo kwa vidole, kisha akaniuliza, “Baba, je, hunawa kwa sabuni baada ya kumbadilisha nepi na kabla ya kumlisha?”

Nilijibu, “Mara nyingine, dada.”

“Mtoto huyu hana mara nyingine,” akasema.

Alitupa chumvi za kurudisha maji mwilini na vidonge vya zinki, akatuagiza tuendelee kumnyonyesha mara kwa mara kuliko kawaida. Alipona. Maneno yale hayajanitoka hadi leo.

Tulimwomba mwajiri wa mke wangu nafasi ya kunyonyesha mchana, akakataa. Hapo ndipo nilipojua kwamba majirani zetu wa Tanzania, katika sheria yao ya ajira ya mwaka 2004, humruhusu mama anyonyeshaye hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Kwetu, nilimfunga binti kwa mbeleko na kumpeleka kwa mama yake kila saa ya chakula. Alinyonya stoo, mama ameketi juu ya kreti la soda, nami nimesimama mlangoni.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 31, husema kwamba kuwatunza na kuwalea watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Zingatia kwamba neno hilo, wazazi, limo katika wingi. Wahenga nao walisema mkono mmoja haulei mwana.

Sasa binti yangu hunifungia mlango wa bafu na kusema, “Naoga mwenyewe.” Amehamia safu ya kwanza.

Zoezi lako ni hili, ndugu msomaji. Andika sentensi tano za kauli ya kutendesha kuhusu malezi ya mtoto mdogo nyumbani kwenu, sentensi za kweli. Kisha pigia mstari kiima cha kila sentensi. Ukikuta kiima ni “mama” katika zote tano, sarufi yako ni sahihi; lakini zungumza na watu wa nyumba yako.