Safari ya Loiyangalani ilianzia Grogan

Wahenga walinena kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu halikuvunjika, lakini nusura niuvunje mgongo wa mama yangu mzazi, na yote kwa sababu ya springi za gari.

Dada yangu ni muuguzi huko Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Mama, ambaye sasa ana umri wa miaka 74, alikuwa hajamwona tangu ahamie huko. Kila nilipompigia simu nyumbani, swali lilikuwa lile lile: "Utanipeleka lini?" Nami nilikuwa na Land Cruiser kuukuu ya mwaka 1988, iliyoketi juu ya springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Springi hizo zilikuwa zimechoka hadi zikalala kabisa. Gari likipita tuta, lilicheza kama mashua ziwani.

Basi nikazitwaa akiba zangu, kiasi kinachotosha karo ya muhula mzima wa mtoto wa bweni, nikashika njia ya Kirinyaga Road, barabara ambayo wakazi wengi wa Nairobi bado wanaiita Grogan.

Msomaji ambaye hajafika huko na afike. Ukianzia upande wa Mto Nairobi, utaona milingoti ya mabomba ya moshi, milango ya magari iliyoning'inizwa kama nguo sokoni, na vijana wanaokimbilia gari lako kabla halijasimama. Kila mmoja anacho unachotafuta. Asipokuwa nacho, atakuambia ungoje dakika tano.

Akilini mwangu nilikuwa na picha ya yale magari marefu ya mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchangia ujenzi wa ua wa kulinda msitu wa Aberdare. Nilitaka gari langu lisimame juu vivyo hivyo. Muuzaji mmoja aliniuzia springi nzito zilizoliinua kwa inchi nne. Majirani walitoka nje kulitazama. Sitaficha, nilijiona bwana.

Jumapili iliyofuata nilimpakia mama tukaenda kuijaribu katika barabara ya changarawe nje ya Kiserian. Hata kilomita kumi hazikuisha. Gari tupu lilirukaruka kama punda aliyetiwa pilipili, na kila shimo lilipenya moja kwa moja hadi kitini. Kwenye kona, lilielemea upande hadi watoto wakanyamaza. Mama alinishika bega akasema kwa upole, "Mwanangu, nirudishe. Huyo dada yako nitamwona akija likizo."

Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara ya pesa.

Siku iliyofuata nilirudi Grogan, safari hii kwa fundi mmoja mzee niliyeelekezwa na rafiki. Hakufungua kisanduku cha spana. Alivuta kiti, akaniuliza swali moja tu: "Mzee, unabeba nini?"

Sikuwa na jibu. Akachukua kipande cha katoni na kalamu, tukaanza kuhesabu. Watu watano, kilo 330 hivi. Maji lita 60, kilo 60. Dizeli ya akiba lita 40, karibu kilo 34. Tairi mbili za ziada, kilo 70. Chakula, mahema na vyombo, kilo 80. Jumla ikawa kama kilo 570. Kisha akauliza: "Na siku za kazi hapa mjini?" Nikamjibu kwamba huwa ni mimi na mkoba wangu.

"Basi hizo ulizouziwa ni za mtu anayebeba mzigo mzito kila siku," alisema. "Springi huchaguliwa kwa uzito inaobeba siku nyingi za mwaka. Urefu wa gari ni jambo la baadaye."

Mzee yule alinifunza mambo ambayo ningependa kila mwenye gari la aina hii ayajue.

Kwanza, springi ndiyo inayobeba gari. Shokabsoba haibebi chochote. Kazi yake ni kutuliza mrukoruko kwa kusukuma mafuta yapite katika matundu madogo, na kwa kufanya hivyo mrukoruko hugeuka kuwa joto. Kwenye barabara yenye mawimbi kama mabati ya paa, joto hilo huzidi, mafuta yakafanya povu, na shokabsoba ikaishiwa nguvu. Zile zilizotiwa gesi ya naitrojeni huchelewa kufanya povu, na ndizo alizonishauri ninunue.

Pili, kuinua gari kwa springi hakuinui difu. Difu hukaa kwenye ekseli, na ekseli huinuliwa na tairi kubwa tu. Kinachopanda ni bodi, na bodi ikipanda gari huwa jepesi kupinduka. Aliniambia kuwa inchi mbili zatosha familia. Ukizidi hapo, mipira ya breki huvutika, propela hufanya kazi ikiwa imepinda na usukani hupoteza utulivu, nawe utalipia marekebisho ya kila kimoja. Na ukibadilisha lolote, ieleze kampuni yako ya bima kabla ya ajali, si baada yake.

Tatu, anza na vitu vidogo. Bushi za mpira zilizokwisha huweza kuifanya springi mpya ionekane mbovu.

Nilikubali hasara. Zile springi ndefu niliziuza kwa bei ya kutupa. Fundi akafunga za uzito wa wastani zilizoinua gari kwa inchi mbili, shokabsoba nne mpya na bushi zote. Aliponikabidhi ufunguo, alinionya: "Zile boliti zinazoshika springi zikazwe tena kabla ya kilomita 500. Usisahau, bwana."

Mwezi uliofuata tuliondoka alfajiri. Mama aliketi mbele, mto ukiwa mgongoni mwake. Tulipofika Isiolo nililala chini ya gari na spana. Kweli, boliti moja ilikuwa imelegea nusu mzunguko. Kutoka hapo lami ni laini, ile iliyoiondolea barabara ya Moyale sifa yake mbaya ya zamani. Tulipofika Laisamis tukaiacha, nikapunguza upepo katika tairi, tukaelekea magharibi.

Barabara hiyo ya zaidi ya kilomita 200 ilitengenezwa upya kwa ajili ya mradi wa umeme wa upepo, ule wenye mitambo 365 ulioanza kutoa umeme kwa taifa mwaka 2018. Hata hivyo, changarawe ni changarawe. Mabati yalianza, nami nikamtazama mama kwa jicho la wizi. Alikuwa akihesabu ngamia.

Kila tuliposimama niligusa shokabsoba zote kwa haraka, kama fundi alivyonifunza. Zote zilikuwa za moto sawasawa. Ile inayobaki baridi wakati wenzake ni moto imekufa.

Jioni ya siku ya pili, baada ya mawe meusi ya volkano yaliyotapakaa kama makaa, ziwa lilijitokeza chini yetu, la kijani kibichi na pana kama bahari. Watoto walipiga kelele. Loiyangalani yenyewe ni mikoma, chemchemi na upepo usiolala, mahali ambapo Waturkana, Wasamburu, Warendile na Waelmolo wanakutana.

Dada alitoka zahanati akikimbia, bado na sare yake. Hakuwa ameamini kwamba mama angefika. Walikumbatiana kwa muda mrefu huku upepo ukipeperusha leso zao, na hakuna aliyesema neno.

Usiku ule nilimwuliza mama kama mgongo unamsumbua. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Mgongo? Niulize tutakaporudi nyumbani. Kwa sasa sijaukumbuka."

Ewe msomaji unayepanga safari kama hiyo, kabla ya kutoa pesa jiulize swali la yule mzee: unabeba nini? Mimi nilikuwa namba mama yangu.