Bomet: Nchi ya Mito Miwili na Mipaka Mingi

Mji wa Bomet umekaa kando ya Mto Nyangores, karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, katika barabara kuu itokayo Narok kwenda Sotik na Kisii. Msafiri atokaye Nairobi hupita kwanza katika nchi ya Wamaasai, yenye nyasi na mashamba mapana ya ngano. Lakini akiisha kuvuka Mto Amala hapo Mulot, huona nchi imegeuka. Mashamba ni madogo madogo, kila moja na ua wake. Kuna mahindi, viazi, na ng'ombe wa maziwa waliofungwa karibu na nyumba. Na kadiri aendavyo upande wa kaskazini ndivyo chai izidivyo, hata akifika Konoin haoni ila majani mabichi ya chai yaliyofunika vilima kutoka bonde hili hata bonde lile.

Mvua inyeshayo katika nchi hii ina njia mbili za kushukia ziwani. Mto Kipsonoi na Mto Nyangores yote hutoka katika msitu wa Mau, wala chemchemi zake haziko mbali sana. Kipsonoi huelekea magharibi, hupita Sotik, hukutana na mito mingine, kisha huitwa Sondu na kuingia katika Ghuba ya Winam. Nyangores hushika njia ya kusini. Huungana na Amala, na hapo ndipo jina la Mara huanza. Mto huo wa Mara hunywesha wanyama wa mbuga za Maasai Mara na Serengeti, huingia Tanzania, na baada ya mwendo wa karibu kilometa 400 humwaga maji yake katika Ziwa Victoria, karibu na Musoma. Basi maji yaliyoachana Bomet hukutana tena ziwani, na kutoka huko hushika safari ya Mto Nile.

Upepo wenye unyevu utokao ziwani hupanda milima hii, na mara nyingi mawingu hukusanyika mchana na mvua kunyesha alasiri. Hii ndiyo sababu chai hustawi. Lakini mawingu yayo hayo huleta mvua ya mawe, ambayo kwa dakika chache yaweza kuharibu majani ya majuma kadhaa. Tena jani la chai halingoji. Likichumwa asubuhi yapasa lifike kiwandani upesi, kabla halijanyauka na kuharibika. Kwa hiyo mkulima apelekaye majani yake Kapkoros au Tirgaga huitazama barabara kama anavyolitazama shamba lenyewe, kwa maana gari likikwama matopeni hasara ni yake. Upande wa kusini, kama vile Chepalungu, nchi hushuka, mvua hupungua, na watu hutegemea zaidi mahindi na mifugo.

Kabla ya kuja serikali ya kikoloni, Wakipsigis walikuwa na utaratibu wao. Mambo ya majirani yaliamuliwa katika kokwet, yaani baraza la wazee wa mahali pamoja. Huko zilikatwa kesi za mipaka, za mifugo na za ndoa, na kila mtu aliwajua waamuzi wake kwa majina.

Wengi leo hawakumbuki ya kuwa nchi hii ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda hata mwaka wa 1902, ndipo mpaka ulipohamishwa ikatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1905 serikali ilipeleka askari kuwapiga watu wa Sotik, kwa shauri la ng'ombe walioteka kutoka kwa Wamaasai. Watu wengi waliuawa, na mifugo mingi ikachukuliwa. Baadaye sehemu ya ardhi ya Sotik ikapewa walowezi wa Kizungu. Mwaka wa 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, walioongoza mambo ya ibada na uaguzi, wakapelekwa Gwassi, karibu na ziwa, mbali na watu wao.

Katika miaka hiyo yote makao ya Bwana D.C. yalikuwa Kericho, na Wilaya ya Kericho ilikuwa katika Provinsi ya Nyanza, ambayo makao yake makuu yalikuwa Kisumu. Mwaka wa 1963, Kenya ilipopata uhuru wake, Wakipsigis walitiwa katika Bonde la Ufa. Hata hivyo mtu wa Bomet aliyekuwa na shauri la wilaya bado alisafiri zaidi ya kilometa 50 mpaka Kericho. Akikosa karatasi moja tu, alirudi nyumbani na kuanza safari upya siku nyingine.

Mwaka wa 1992 Bomet ilitengwa na Kericho ikawa wilaya. Baadaye Konoin iliondolewa ikawa katika Wilaya ya Bureti. Kisha Katiba ya mwaka wa 2010 ikaweka kaunti 47, zikifuata wilaya zilizoandikwa katika sheria ya mwaka wa 1992. Na mwaka wa 2013 serikali ya Kaunti ya Bomet ikaanza kazi, Konoin ikiwa imerudi pamoja na Sotik, Chepalungu, Bomet ya Kati na Bomet ya Mashariki. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilipata watu 875,689.

Kwa hiyo mzee mmoja aliyeishi miaka mingi penye shamba lake, asihame hata hatua moja, aliweza kuwa mtu wa Nyanza, kisha wa Bonde la Ufa, kisha wa Kaunti ya Bomet. Ofisi imemkaribia, na hilo ni jambo jema. Lakini mto haukufuata mabadiliko hayo. Maporomoko ya Nyangores hapo Tenwek, yanayoipatia umeme hospitali ya mahali hapo, hutegemea maji ya msitu wa Mau, ambao sehemu zake nyingine zimo katika kaunti za jirani. Mti ukikatwa Mau, maji hupungua Tenwek wakati wa kiangazi. Na mkulima wa Bomet akilima hata ukingoni mwa mto, udongo wake huchukuliwa na mvua, na mchungaji wa Narok na mvuvi wa Musoma hupata maji ya matope. Hakuna kaunti moja iwezayo kuulinda mto huu peke yake. Lakini kila mwenye shamba kando ya Nyangores aweza kuuacha ukingo wake bila kulimwa, na kupanda hapo miti ya asili isiyonyonya maji mengi. Kazi hiyo haingoji mpaka mpya wala ofisi mpya.