Suti, Shuka na Maksai wa Baba Mkwe

Mtu wa mjini akitaka kupigwa picha, huanza na kabati. Kwa Waturkana wafugaji, picha ya mzee huanza na mnyama. Mwanamume huwa na maksai wake mpendwa. Humkunja pembe zikue apendavyo, humfunga kengele shingoni, humwimbia, na jina la heshima analoitwa na rika lake hutokana na rangi ya maksai huyo. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, anayesimama kando ya mzee si ng'ombe tu. Ni jina lake.

Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikosesha mvua misimu mitano mfululizo. Bomani kwa baba mkwe wangu, nje kidogo ya Kakuma, ng'ombe wengi walikufa. Maksai alibaki, mbavu zikihesabika. Mzee akataka apigwe picha naye kabla mmoja wao hajaondoka.

Ndipo swali likazuka: avae nini? Shemeji yangu alituma suti ya kijivu kwa basi kutoka Nairobi, kupitia Lodwar. "Baba aonekane mtu," alisema kwa simu. Neno hilo lilinichoma, maana sijui siku ambayo mzee hakuwa mtu. Mzee mwenyewe aliipapasa suti, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya kunizikia?"

Mimi nilitetea shuka, wala si kwa ajili ya mila peke yake. Joto la huku hupita nyuzi 35, na mtu anayetiririka jasho ndani ya suti hatulii, na mnyama naye hatulii. Harufu ya nguo ngeni humtia wasiwasi. Upepo wetu nao ni mkali, hivyo shuka ifungwe vizuri begani. Kitambaa kikipeperuka karibu na jicho la ng'ombe, mpiga picha ndiye atakayekimbia kwanza. Tena maksai huyu ni mwekundu. Shuka nyekundu ingepotea ubavuni mwake, kwa hiyo nikachagua ya buluu. Saa tukapanga kumi na mbili unusu asubuhi, kwani jua la adhuhuri hufukia macho chini ya kofia.

Mama mkwe, aliyejaa shanga hadi kidevuni na alagama ya ndoa shingoni, aliguna. "Mimi hakuna aliyeniuliza nitavaa nini." Kweli kabisa.

Asubuhi mzee alitoka na shuka ya buluu, akala miguuni, kofia yenye unyoya wa mbuni, ekicholong mkononi, na juu ya yote koti la suti. Suruali alimpa mjukuu. Wala hakutaka ushauri wa mtu.

Nakala moja tuliipeleka Nairobi. Shemeji alipiga simu jioni ileile. Koti hakulitaja. Aliuliza, "Maksai ameanza kunenepa?"