Gari la shamba huchaguliwa mwisho wa barabara

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Morogoro huna haja ya gari lenye nguvu za ajabu. Njia ni ya lami, na tangu mwaka 2024 ipo pia treni ya umeme. Lakini safari ya mfanyakazi mwenye shamba haiishii Morogoro. Huanzia pale ambapo wengine wameshafika.

Pale Bigwa, nje kidogo ya mji, iko njia inayoiacha barabara kuu na kuzunguka upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Ukiishika, milima inakaa kuumeni kwako na unapita Kiroka, kisha Mkuyuni, hata ukafika Matombo. Ni nchi ya migomba, mananasi, mdalasini na karafuu. Mito inayotelemka huko huingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanywewayo na wakazi wengi wa Dar es Salaam. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, ndiyo maana shamba ninalolisema hapa si langu. Ni la mama mkwe wangu, kwa upande wa kwenda Mvuha, na mimi ni mkwe niliyepewa ruhusa ya kupanda migomba.

Mwishoni mwa mwaka 2016 mimi na mke wangu tuliamua kununua gari lililokwisha kutumika, lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, yaani lile ambalo mafundi wetu huliita fowili. Fedha zilikuwa akiba yetu ya miaka sita. Dalali alituletea gari hadi mlangoni, limepigwa rangi ya kijani, viti vimeshonwa upya, na redio inaimba. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tulikuwa tumeusahau usemi huo siku hiyo. Sitaitaja aina ya gari lile, kwani kosa halikuwa la kiwanda.

USIKU WA TOPE

Mwezi Aprili 2017, katikati ya masika, tulipata habari kwamba mama ana homa kali na kifua kinambana. Tulifika kwake jioni, tukampakia, tukageuza kurudi Morogoro. Njia ya kutoka shambani kwake ni ya mfinyanzi mweusi, ule ambao ukilowa hushika tairi kama ugali ushikavyo mwiko. Hatukwenda hata nusu kilomita. Nikavuta mkono wa fowili, taa yake ikawaka mbele yangu, nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba. Ya mbele yakatulia tuli, kana kwamba hayakuhusika na safari ile.

Majirani walikuja na kitanda cha kamba. Walimbeba mama begani, kwa zamu, hadi kwenye njia kubwa, na hapo tukapata lori la ndizi lililotufikisha hospitali usiku wa manane. Alilazwa siku nane. Kila ninapokumbuka usiku ule, hainijii sura ya tope bali ile taa ndogo iliyowaka ikinidanganya.

Kesho yake fundi kijana kutoka Mkuyuni aliingia uvunguni mwa gari, na hakukaa humo dakika mbili. "Kaka," aliniambia, "hapa mbele hakuna propela."

Mwenye gari wa zamani aliona maungio ya propela ya mbele yamechakaa na yanapiga kelele. Badala ya kununua mapya, akaling'oa chuma lote na kulitupa. Mkono wa fowili ukaendelea kuingia, taa ikaendelea kuwaka, lakini nguvu haikuwa na njia ya kufika mbele.

ANZIA KULE MWISHO

Tangu hapo nimejifunza jambo moja, nalo ndilo ninalotaka ulichukue: gari la shamba halichaguliwi mjini. Fika kwanza mwisho wa barabara utakayoitumia. Tazama ni magari gani yanayobeba ndizi wakati wa masika, zungumza na madereva wake, kisha muulize fundi aliye karibu zaidi na shamba lako ni gari gani analoweza kulifungua na kulifunga bila kuagiza kitu kutoka mbali. Gari zuri lisilo na spea mahali unapokwama si gari zuri kwako.

Ukiuliza hivyo, majina matatu hutajwa mara nyingi. La kwanza ni Land Rover. Gari hili lilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Ulaya baada ya vita, na kwa hiyo bodi yake ikatengenezwa kwa alumini. Hapo pana mtego, kwa kuwa bodi haishiki kutu ilhali chesisi iliyoibeba ni ya chuma. Utaona gari safi juu, na chini limekwisha. Utengenezaji wa umbo lile la zamani ulikoma Uingereza Januari 2016, lakini ufundi wake unafahamika sana nchini.

La pili ni Toyota Land Cruiser, hasa zile za mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984. Ni gari zito na gumu, ila bei yake hata likiwa kuukuu ni ya kutafakari. La tatu ni Suzuki ndogo, ambazo watu huzidharau kwa udogo wake. Usizidharau. Gari jepesi huzama kidogo na husukumwa kwa urahisi, na kwa familia isiyobeba mizigo mikubwa huweza kutosha kabisa.

INGIA UVUNGUNI

Ukishajua aina, nenda ukaliangalie gari asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Muuzaji aliyekwisha kuliwasha kabla hujafika huenda anaficha ugumu wa kuwaka. Liwashe mwenyewe, kisha tazama moshi. Moshi wa samawati unaodumu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi kwenye gari la dizeli huonyesha kwamba mafuta hayachomwi sawasawa, na mara nyingi sababu ni nozeli au hewa isiyopita vizuri. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Upepo ukipiga kwa nguvu kutoka humo, pistoni zimechoka.

Kisha vaa nguo za kazi ulale chini. Usione haya, fedha ni zako. Chukua nyundo ndogo ugonge chesisi taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa kwa wingi sehemu moja tu ni swali linalotaka jibu. Hesabu propela, zinapaswa kuwa mbili, moja ikienda mbele na nyingine nyuma. Zishike uzitikise, na zikicheza kwenye maungio, krosi zake zimekwisha. Mwombe fundi afungue kizibo cha difu. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na gari hilo limevuka mito bila kuhudumiwa.

Angalia pia kwamba tairi zote nne ni za kipimo kimoja. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi kuliko kubwa, na fowili ikiingizwa, tofauti hiyo huvibana na kuvichosha vyuma vya ndani.

LIJARIBU KWA MATENDO

Usiiamini taa. Lipeleke gari penye mchanga au tope, uweke fowili, na mtu asimame kando atazame kama magurudumu ya mbele yanavuta. Katika magari mengi ya zamani, magurudumu hayo yana vifungio katikati vinavyozungushwa kwa mkono. Visipofungwa, fowili haifanyi kazi hata kama kila kitu kingine ni kizima. Jaribu na gia nzito pia, kwa kupanda kilima polepole. Ila usiendeshe gari la aina hiyo kwenye lami kavu huku fowili ikiwa imeingia. Kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na lami haiyaachi yateleze, hivyo mateso yote huishia kwenye giaboksi na propela.

Mwisho, linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye kadi ya gari, na hakikisha anayekuuzia ndiye mwenye jina, au ana idhini ya kweli. Uhamisho wa umiliki ufanywe TRA, usiahirishwe kwa maneno matamu. Wala usimalize akiba yote kwenye bei. Weka kando fungu la kubadilishia oili zote, mikanda, mipira ya maji na breki kabla ya safari ya kwanza, kwani gari lililotumika huja na madeni ya aliyelitangulia.

Lile la kijani tuliliuza kwa hasara, na aliyelinunua tulimweleza wazi kwamba halina propela. Ilituchukua miaka miwili mingine kukusanya fedha. Gari la pili tulilichagua kwa kuanzia Mkuyuni. Fundi yule yule alipanda basi hadi Dar es Salaam kwa nauli yetu, akalala chini ya magari matano, na manne akayakataa. Alilolikubali lina rangi iliyobabuka na mlango mmoja usiofunguka kwa ndani.

Siku ya kwanza tulipolifikisha shambani ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mama alitoka barazani na mwavuli, akalizunguka, akainama kutazama chini kana kwamba naye ni fundi. "Hili nalo," aliniuliza, "mbele kuna chuma?" Nikamjibu, "Kipo, mama." Akafungua mlango wa mbele, akaketi, akataka apelekwe hadi njia kubwa na kurudishwa, aone mwenyewe. Tulikwenda, tukarudi.